Dakika Kumi na Tano za Nyamizi

Mwezi uliopita jirani yangu alianika nguo za wanawe uani, na mvua ya ghafla ikamlazimisha kuziingiza ndani zikiwa bado mbichi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo akawasha pasi ya mkaa na kuanza kuzipiga hivyo hivyo. Mvuke wa kitambaa kibichi, sabuni ya mche na moshi wa mkaa ukapita dirishani kwangu. Niliacha kumenya viazi nikakaa chini. Mwanangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nimechoka tu. Kumbe ilikuwa harufu ya chumba cha Mama Kemi, pale Mabatini, Mwanza, siku ya kuamkia mechi.

Mama Kemi alikuwa Mhaya wa Muleba, mjane, Mlutheri asiyekosa ibada ya Jumapili. Binti yake wa pekee alikuwa akisoma bweni huko kwao. Mwenyewe alifua mashuka katika nyumba moja ya wageni, akiyachemsha kwenye pipa juu ya kuni, na moshi na magadi vilikuwa vimeyafanya macho yake kuwa mekundu wakati wote. Zaidi ya hapo, alikuwa meneja wa timu yetu ya mpira ya wasichana. Neno hilo, meneja, tulilielewa kwa akili zetu za utoto. Tulimwona Kocha akipuliza filimbi, akitukemea, akipewa mikono na wazazi baada ya ushindi, basi tukaamini kwamba Mama Kemi ni mtumishi wake, ameajiriwa kubeba begi.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka ilivyokuwa kwa msichana kuvaa bukta na kupita nayo mtaani. Baba yangu alikataa mara mbili. Mara ya tatu Mama Kemi alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda chetu jikoni tangu saa kumi mpaka baba aliporudi kazini, akamsalimia kwa heshima zote, akazungumza naye habari za kwao, za mvua na za mahindi, na alipoondoka ruhusa ilikuwa imepatikana. Alifanya hivyo kwa wasichana kumi na sita. Ni yeye aliyefuatilia vyeti vyetu vya kuzaliwa. Alikwenda kumbembeleza mwalimu mkuu atuachie uwanja, na siku za mechi alitafuta mwenye gari la mizigo la kutupeleka. Jezi alizifua na kuzipiga pasi, namba zilizobanduka akazishona upya. Ndani ya begi lake mlikuwa na pamba, bandeji, dawa ya kuchua, na bahasha ya kaki ambayo msichana akimnong'oneza sikioni aliifungua bila kuuliza swali. Nimewahi kuona picha ya timu yetu, mwenye duka moja la picha aliihifadhi miaka mingi. Kocha yupo katikati na mpira. Mama Kemi hayupo, kwa sababu wakati tunapigwa picha alikuwa pembeni ameshika ndala zetu.

Mimi nilikuwa kapteni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mkubwa. Rafiki yangu wa chanda na pete alikuwa Nyamizi, tuliyesoma naye dawati moja, msichana mwembamba mwenye shingo ndefu, ambaye mpira ukimfika mguuni hata watu waliokuwa wakipita njia walisimama. Baba yake alikuwa mvuvi, aliishi visiwani na kurudi nyumbani mara chache kwa mwaka. Mama yake alibaki na Nyamizi na mdogo wake wa kiume, Masanja, ambaye bado alikuwa akibebwa.

Sasa, jambo ambalo hatukulielewa kabisa ni hili. Kila mechi Nyamizi alianza, na kila mechi, dakika ya kumi na tano, Mama Kemi aliinuka kwenye benchi, akamgusa Kocha mkono, na Nyamizi akatolewa. Tuwe tunashinda, tuwe tunafungwa, hakujali. Nyamizi akitoka, alivishwa sweta hata kama jua linawaka, akapewa chupa ya maji ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Siku moja nilimfuata Mama Kemi nikamuuliza.

"Mama Kemi, kwa nini unamtoa? Si anatuzidi wote?"

"Anawazidi, ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema atoke, kapteni. Okota zile koni."

Nikaokota koni nikiwa na hasira. Wiki hiyo hiyo, baada ya mazoezi, niliwakuta nyuma ya madarasa. Mama Kemi alikuwa amemkinga Nyamizi kwa kanga kama mtu anayekinga moto wa kiberiti, na alikuwa akimpa vidonge vidogo vya njano. Nyamizi aliponiona alivimeza haraka. Njiani nilimbana aseme.

"Ni vitamini," aliniambia.

"Mbona sisi hatupewi?"

"Sijui. Amesema nisimwambie mtu. Na wewe usiseme."

Mtoto haachi kitu bila kukitafutia maelezo, na maelezo niliyoyapata yalikuwa yale yaliyokuwa yakisemwa na watu wazima wa mtaani kwetu. Walisema kuna watu wanaochukua nyota za wenzao. Nikaanza kuunganisha. Maji ya peke yake. Vidonge vya siri. Mwanamke asiye na mume mwenye macho mekundu. Mchezaji bora kuliko wote ambaye haruhusiwi kung'aa zaidi ya dakika kumi na tano. Nikawaambia wenzangu kwamba Mama Kemi anamla Nyamizi nyota ili aje ampe binti yake. Hawakucheka. Wawili waliacha kupokea maji kutoka mkononi mwake, na mmoja akawa anafua jezi yake upya nyumbani kabla ya kuivaa. Mama Kemi aliona, nina hakika aliona. Aliendelea kufua.

Fainali ilichezwa Nyegezi, kwenye uwanja ulio karibu na ziwa. Ilikuwa Jumamosi mchana, mawingu yamejikusanya juu ya maji na upepo unavuma kutoka huko. Tukiwa tunapasha misuli, golikipa wetu Rehema alianguka vibaya akavunja mkono. Mfupa ulionekana umepinda chini ya ngozi. Wasichana walipiga kelele, Kocha akashika kichwa, na Mama Kemi ndiye aliyepiga magoti akaufunga ule mkono kwenye kipande cha ubao na kanga yake, akaita bodaboda. Kabla ya kupanda alimgeukia Kocha.

"Nyamizi ni dakika kumi na tano. Ukimwona amechoka kabla, mtoe. Maji anywe kila mara, na mvua ikianza asikae nayo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama Kemi. Nenda."

Kisha akaniita mimi pembeni. "Kapteni, nakuachia Nyamizi. Kifua chake si kizuri. Sweta lake lile pale." Alilazimika kusema hivyo, sasa najua, na nusu ya ukweli ndiyo aliyokuwa na uhuru wa kuitoa. Mimi niliitikia huku nikitazama upande mwingine. Bodaboda ikaondoka, Rehema akiwa katikati, analia.

Mpaka dakika ya kumi na tano tulikuwa tumefungwa bao moja. Kocha akaangalia saa yake. Niliiona ile saa na nikakimbilia pembeni mwa uwanja.

"Kocha, Mama Kemi hayupo. Mwache acheze."

"Amesema apumzike."

"Kila siku anasema. Tukimtoa tunafungwa. Muulize mwenyewe."

Nyamizi alikuwa amesimama mikono kiunoni, anahema. Akatikisa kichwa kwamba hatoki. Kocha alitazama ubao wa matokeo, akatazama wazazi waliokuwa wakishangilia upande ule, akarudisha mkono mfukoni. Sikumlaumu wakati ule na hata sasa siwezi kumtupia yeye lote. Mimi ndiye niliyemwomba.

Mvua ilianza kabla ya mapumziko, mvua ile ya ziwani inayokuja kwa kulala na kupiga uso kama changarawe. Nyamizi alicheza ndani yake kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alisawazisha, na kipindi cha pili akafunga la pili kwa mguu wa kushoto, akakimbia mikono juu mpaka kwenye mstari wa kona akapiga magoti kwenye tope. Sijawahi kuona uso wenye furaha kiasi kile. Maji hakunywa. Sweta lilibaki kwenye benchi likilowa, hakuna aliyelikumbuka. Tulipokabidhiwa kikombe tulicheza mvuani mpaka meno yakagongana.

Kwenye gari tukirudi aliniegemea begani. Mikono yake ilikuwa baridi sana.

"Miguu inaniuma," alisema. "Inauma ndani, kwenye mifupa."

Nilimcheka. "Umezoea benchi wewe. Ndivyo sisi tunavyojisikia kila mechi."

Na yeye akacheka kidogo, kisha akafumba macho.

Jioni, kabla giza halijaingia, Mama Kemi alifika kwetu akitokea hospitali. Rehema alikuwa amefungwa plasta na kupelekwa kwao. Mama yangu alikuwa nje anachambua dagaa, mimi nimekaa mlangoni na kikombe mapajani, maana kapteni ndiye aliyelala nacho siku ya kwanza. Mama Kemi hakukitazama.

"Kapteni, Nyamizi alitoka dakika ya ngapi?"

"Ya kumi na tano."

"Mvua ilimkuta?"

"Hapana. Alikaa chini ya turubai."

"Maji je?"

"Alikunywa."

Akashusha pumzi. Alikuwa na matope mpaka magotini na hakuwa amekula, ilionekana. "Ahsante, mwanangu," aliniambia. "Umenisaidia kazi. Basi nitampitia kesho, na jezi yake nitaichukua hapo hapo." Akaenda kukusanya jezi nyumba kwa nyumba ili azifue zisije zikaota ukungu.

Asubuhi ya Jumapili, alipokwenda kumpa Nyamizi vidonge vyake, alimkuta amejikunja kitandani anatetemeka, mama yake anamchua miguu kwa mafuta. Alimbeba mgongoni, akakimbia naye kuteremka ile njia yetu ya mawe mpaka barabarani, Mama Nyamizi nyuma yake na Masanja kiunoni. Watu wengi waliliona hilo. Nyamizi alikaa hospitali siku hiyo na usiku wake, na Jumatatu mchana akafariki.

Nilipoambiwa sikulia. Nilikwenda kuketi nyuma ya choo chetu na kujaribu kukumbuka maneno niliyomwambia Mama Kemi, nikiyapanga upya, kama vile nikiyapanga vizuri yangeweza kuwa kweli.

Baba yake Nyamizi alifika kutoka visiwani, tukazika Jumatano. Wanawake walikuwa wamekaa uani wakichagua mchele, na mazungumzo yalikuwa yaleyale, mtoto mzima alicheza juzi tu, imekuwaje. Mama yangu akaniita mbele yao.

"Ng'wanone, mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa naye kila siku. Alikuwa anakula nini huyu mtoto? Nani alimpa nini?"

Macho yote yakanigeukia. Nilijua kwamba swali linalofuata litakuwa la mechi, na kwamba mmoja wao atauliza kuhusu mvua. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Niliamini habari za nyota, ndiyo, lakini siku ile sikusema kwa sababu ya kuamini. Nilisema ili wasifike kwenye mvua.

"Mama Kemi alikuwa anampa vidonge," nikasema. "Vya njano. Alimkataza asimwambie mtu. Na maji yake alimwekea peke yake."

Mikono ikasimama kwenye nyungo. Mwanamke mmoja akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu zamani. Mwingine akakumbusha kwamba ni yeye huyo huyo aliyembeba mgongoni, kwa nini yeye na si baba wadogo zake? Mwingine akataja macho. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mvua.

Mchana wa siku ya kuondoa matanga walikwenda chumbani kwake. Nami nilikwenda, nikijificha nyuma ya watu wazima. Hawakuwa wahuni, nataka hilo lieleweke. Walikuwa watu niliowajua kwa majina, akina mama waliokuwa wakimwomba awashonee vifungo, wanaume waliokaa naye kwenye vigoda vyao wakitoa ruhusa za binti zao. Walimtoa nje. Wakatoa begi, wakalimwaga, na zile pamba na bandeji zikakanyagwa. Ile bahasha ya kaki ilipasuliwa na mwanamume mmoja, akaitupa kwa aibu alipoona ni nini. Kopo la vidonge liliinuliwa juu watu wote walione. Kisha zikaletwa jezi zote kumi na sita, zimekunjwa vizuri, wakazitia moto kama vitu vya mchawi. Nilimwona mama yangu akiinama. Alipoinuka alikuwa na jiwe.

Mama Kemi hakupiga kelele. Alikuwa akitafuta mtu kwa macho katikati ya kundi lile, na alipompata alitulia. Alikuwa ni Mama Nyamizi, amesimama karibu na ukuta, Masanja amelala mgongoni. Walitazamana. Mama Nyamizi aliinamisha uso wake, akafunga mbeleko vizuri, akaondoka.

"Sema ulimpa nini mtoto!" walimpigia kelele.

"Nilimpa dawa," alisema Mama Kemi.

"Dawa ya nini?"

Hakujibu. Jiwe la kwanza lilimpata mguu.

Aliyemwokoa ni mwenyekiti wa mtaa, aliyekuja na vijana wake na pikapu ya jirani. Walimpakia nyuma, hana kiatu kimoja, na gari likaondoka kuelekea Nyegezi kwenye mabasi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Mabatini kumwona.

Kocha aliendelea kuja uwanjani na filimbi yake kwa muda. Tulicheza bila jezi, kisha bila maji. Mwalimu mkuu akauliza nani anahusika na uwanja, hapakuwa na mtu wa kwenda kumjibu. Baba yangu aliniuliza siku moja, "Nani alisema unaweza kwenda?" na kwa kweli hapakuwa na mtu aliyesema. Kabla ya mitihani timu ilikuwa imekwisha. Watu walisema ni kwa sababu ya msiba.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua yaliyobaki. Nilikuwa nimeolewa na nina mtoto mmoja niliporudi Mabatini kwenye msiba wa baba yake Nyamizi. Mama Nyamizi alikuwa amezeeka kupita umri wake. Kando yake alikaa kijana mrefu, mwembamba, mwenye umanjano machoni; ilinichukua muda kumtambua kuwa ni Masanja. Baada ya maziko mama yake aliniita ndani.

"Mwenye kunifukuza ameshalala," aliniambia. "Sasa naweza kusema."

Nyamizi alikuwa na siko seli, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, ambao baridi, uchovu na kukosa maji huuamsha. Masanja pia anayo. Kabla yao, Mama Nyamizi alikuwa amezika watoto wawili wachanga, na mumewe na ndugu zake walikuwa wamemwambia kwamba akizaa mgonjwa mwingine arudi kwao na watoto wake. Ndiyo maana alikwenda kliniki kwa siri, mume akiwa visiwani. Siku ya kuandikisha timu alimpa Mama Kemi bahasha yenye cheti cha kuzaliwa, na kadi ya kliniki ikawa imejibana ndani yake. Mama Kemi aliirudisha jioni hiyo hiyo. Mama Nyamizi alimwangukia miguuni. Tangu hapo vidonge vilikaa kwa Mama Kemi ili baba asije akavikuta, na siku za kliniki ni Mama Kemi aliyewasindikiza, akimbeba Masanja.

"Siku ile alinitazama," Mama Nyamizi alisema. "Alikuwa ananiuliza kama aseme. Mimi nikaondoka. Kama ningefungua mdomo, huyu hapa asingekuwepo." Akamwonyesha Masanja kwa kidevu. Kisha akalia, na mimi nikamtazama tu. Sikuwa na haki ya kumfariji wala ya kumhukumu.

Wiki iliyofuata nilipanda basi la Bukoba. Muleba nilimpata bila shida, kila mtu pale alimjua Mama Kemi, kwa kuwa alikuwa ndiye anayefua vitambaa vya madhabahu. Nyumba ilikuwa ndani ya migomba, uwanja umefagiwa. Alikuwa ameketi mkekani akimenya ndizi. Alipoinuka kunipokea niliona anauburuta mguu wa kulia.

"Shikamoo, Mama Kemi."

"Marahaba. Karibu, waitu, karibu ndugu yetu. Wewe ni wa nani?"

Sikuweza kutaja jina langu. "Ni kapteni," nikasema.

Alirudi akaketi. Alichukua ndizi nyingine akaendelea kumenya.

"Nilikudanganya siku ile," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Alicheza mechi nzima. Mvua yote. Na kule msibani, habari za vidonge, ni mimi."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Ya vidonge nilisikia kutoka kwa hao waliokuja nyumbani kwangu. Ya mechi aliniambia Nyamizi mwenyewe, hospitali. Alisema, Mama Kemi, nimecheza yote, nimefunga mawili, usimgombeze kapteni."

Nilifunika uso. Hakuja kunishika.

"Kwa hiyo ulijua," nilisema nilipoweza. "Ulisimama pale mbele yao unajua. Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Watu wameshika mawe, niwaambie mwenye kosa ni mtoto wa miaka kumi na miwili yuko pale nyuma yenu? Au niwaambie mgonjwa mwingine ni yule aliyebebwa mgongoni, mfukuzeni na mama yake?" Alitupa maganda kwenye ungo. "Na mimi ninalo langu. Daktari alisema anaweza kucheza kidogo kidogo. Ningekataa ningekuwa salama. Lakini ulikuwa unamwona akiwa na mpira. Nilishindwa kumnyima."

Jogoo alipita akidonoa. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, na yote yalionekana madogo.

"Nimekusamehe siku nyingi," alisema. "Nilikusamehe kwenye basi, siku ile ile, kwa sababu nilijua utakua na utajua. Lakini nakuomba usije tena. Siyo kwa ubaya. Nikikuona, naanza kusikia ule mguu."

Alinipa ndizi za kubeba, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu, akanisindikiza mpaka mwisho wa migomba na sio zaidi.

Niliporudi Mwanza nilikwenda moja kwa moja kwa mama yangu. Nilimweleza yote, toka kadi ya kliniki mpaka mguu. Alikuwa amekaa kitandani, siku hizi haoni vizuri, na alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alivuta shuka akajifunika magoti.

"Tulikuwa wengi," alisema.

Nilingoja aendelee. Alinyoosha mkono akapapasa kando ya kitanda akitafuta kikombe chake cha chai, nikakisogeza karibu na vidole vyake, akanywa.